Mwanangu anaitwa mikutano ya jioni, diwani haonekani: nifanye nini kabla ya 2027?

SWALI: Wakili, pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mboga katika soko moja viungani mwa Nakuru. Januari 2008 tulifukuzwa nyumbani usiku, tukaishi kwenye hema miezi kadhaa. Kifungua mimba wangu, ambaye wakati huo nilikuwa nimembeba mgongoni, sasa ni kijana mkubwa. Siku hizi anaitwa mikutano ya jioni ya "vijana wa mheshimiwa", anarudi na mia tano na fulana. Nikimuuliza, ananiambia ni kazi kama kazi nyingine. Diwani wetu naye sijamwona sokoni tangu achaguliwe 2022. Choo cha soko kilisomwa kwenye bajeti, na mpaka leo tunalipa kumi kumi kwenye hoteli ya jirani. Je, mtu wa kawaida kama mimi anaweza kufanya lolote kabla ya kura ya 2027, ama nianze kutafuta pa kuhamia? — Mama mboga, Nakuru

JIBU: Dada yangu, umeuliza mambo mawili lakini mimi nayasoma kama jambo moja. Mheshimiwa asiye na choo cha kuonyesha ndiye anayehitaji vijana wa jioni. Aliyefanya kazi huja sokoni mchana akaonyesha alichojenga. Asiyefanya hubakiwa na bidhaa mbili tu za kuuza, kabila na woga, na zote mbili zinahitaji vibarua wa kuzitembeza. Nitaanza na kijana kwa sababu yeye ndiye wa haraka, halafu tutafika kwenye choo.

Hiyo mia tano ni ya kuzoeana. Mwanzoni kijana haagizwi jambo baya. Anaketi, anasikiliza, anavaa fulana, anashangilia msafara ukipita. Nambari yake ya simu inaandikwa, anaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, anaonyeshwa mkubwa wa kikosi. Miezi ikisonga anaombwa kuzomea mkutano wa mpinzani, kisha kung'oa mabango, kisha kurusha mawe, na kufikia hapo keshakula pesa za watu na anaona haya kukataa. Namwelewa anaposema ni kazi. Kwa aliyekaa mwaka mzima bila kibarua, ni kazi kweli, na anayeitoa anajua hivyo.

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba ghasia za uchaguzi ni hasira inayolipuka matokeo yakisomwa. Historia yetu inasema vingine. Mapigano ya Bonde la Ufa ya 1991 na 1992 yaliitangulia kura ya Desemba 1992. Kule Likoni, Mombasa, wavamizi waliteka kituo cha polisi usiku wa Agosti 13, 1997, miezi minne kabla ya uchaguzi, na watu wa bara walioishi na kujiandikisha huko wakakimbia kwa maelfu. Mtu akifukuzwa kabla ya kura, kura yake imefukuzwa pamoja naye, na hilo ndilo lililokuwa lengo.

Hata yale ya kwako hayakuwa hasira tupu. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu waliouawa baada ya kura ya Desemba 27, 2007 kuwa 1,133, na 744 kati yao walikufa katika Bonde la Ufa. Iliona kwamba mahali pengine fujo zilizuka zenyewe, na mahali pengine zilipangwa, kukiwa na mikutano, pesa na usafiri wa vijana. Mashambulizi ya Nakuru na Naivasha mwishoni mwa Januari 2008, hayo yaliyokutoa nyumbani, tume iliyaweka katika fungu la yaliyopangwa. Huko Naivasha, Januari 27, watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja. Matokeo ya urais yalikuwa yametangazwa karibu mwezi mzima kabla ya hapo. Hasira gani hiyo inayongoja mwezi, halafu ikapata na gari la kuibeba?

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tungoje Agosti 2027 ikaribie ndipo tuanze kuhubiri amani. Aliyekwisha kukodi vijana hahubiriki. Wakati wa kumharibia mpango ni huu, vikosi vikiwa bado vinaandikishwa na mia tano ndiyo dau kubwa kuliko yote.

Kwa mwanao, usimkemee mbele ya rafiki zake, maana utamsukuma kwao. Mwulize jambo moja dogo: hiyo pesa ikiingia kwa M-Pesa, jina gani linatokea? Mara nyingi halitakuwa la mheshimiwa. Litakuwa la dereva, binamu, au mtu wa ofisini. Mwambie asiufute ujumbe huo, na umweleze kwa nini. Ujumbe unaomwonyesha aliyelipa unamwonyesha pia aliyelipwa. Kijana akijiondoa mapema na kuja na ujumbe wake, ana nafasi ya kuwa shahidi. Akikamatwa na rungu mkononi ni mshtakiwa, na aliyemtuma atasema hamjui. Kama itafika mahali pa kuandika taarifa, asiandike kituoni peke yake. Aende na wakili, na hapo chini nitakuambia pa kumpata bila kuuza ng'ombe.

Kisha mkumbushe namna wakubwa humaliza ugomvi wao. Februari 28, 2008 Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi mkataba wa kugawana madaraka pale Harambee House, ofisi ya Rais, watu wakiwa bado kwenye mahema. Uhuru Kenyatta na William Ruto, ambao 2007 walikuwa pande mbili zinazopingana, waliingia Ikulu 2013 kwa tiketi moja, na kesi zao za ghasia hizo katika mahakama ya kimataifa ya The Hague zikakoma bila hukumu ya hatia, ya mmoja 2014 na ya mwingine 2016. Machi 9, 2018 Uhuru na Raila walipeana mkono pale pale Harambee House. Machi 7, 2025 ikawa zamu ya Ruto na hayati Raila, katika jumba la mikutano la KICC, Nairobi. Silaumu viongozi kupatana, heri wapatane kuliko watu wafe. Lakini mwambie mwanao akutajie kijana mmoja tu wa kurusha mawe aliyealikwa kwenye hafla hizo.

Jambo hili lakini usilibebe peke yako. Mama mmoja anayemzuia mwanawe ana mtoto mkaidi. Akina mama ishirini wa soko moja wana neno linalosikika hadi kwa mheshimiwa. Mfano ninaoupenda kuliko wote hautoki Nairobi, unatoka Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya tisini koo za Wajir zilikuwa zinauana, na vita vikafika sokoni: mwanamke wa ukoo huu hamwuzii wa ukoo ule, maziwa yanaharibika, wanawake wanashikana mashati penye vibanda. Wanawake wachache, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, wakaanza kukutana. Hawakuanza na hotuba juu ya umoja wa taifa. Walianza na sheria ya soko: kila mwanamke auze na anunue kwa yeyote, na tukio lolote la kunyimana au kutukanana liletwe kwa kamati siku hiyo hiyo. Kamati yenyewe ilikuwa ya wanawake wa koo zote.

Soko lilipotulia wakawafuata wazee, na hapa walionyesha werevu. Waliwatanguliza wazee wa ukoo mdogo ambao haukuwa vitani, ili asiwepo wa kusema kikao kina mwenyewe. Mwaka 1993 wazee wa koo zilizopigana wakakubaliana kwa maandishi, katika azimio linaloitwa la Al-Fatah. Kamati za amani zilizosambazwa baadaye katika wilaya nyingine za Kenya zilifuata nyayo za Wajir. Dekha alifariki 2011. Mwanzoni mwa 2008, nchi ilipowaka, alikuwa miongoni mwa Wakenya wachache waliokusanyika Nairobi kuwasukuma wakubwa waketi, kabla mpatanishi Kofi Annan hajatua.

Soko lenu ni hivyo hivyo. Bila shaka hapo kuna wauzaji wa jamii tatu nne, na wote wana watoto wa rika la mwanao. Kubalianeni mambo machache yanayowezekana. Ambaye mtoto wake ameitwa, aseme. Kila upande uwe na mtu wa upande wa pili ambaye nambari yake mnayo na mnamwamini, kwa sababu uvumi wa "wamesema leo usiku wanakuja" ndio uliowatoa watu na mapanga 2008, na uvumi huo unauawa na simu moja: "Mama fulani, huko kwenu kuna nini?" Nayo nyumba ya yeyote ikifikiwa na vitisho, taarifa ipelekwe na kundi zima, asiachiwe mwenye nyumba.

Usingoje kualikwa hotelini. Mikutano ya amani ya hotelini naijua: fulana nyeupe, soda, nauli ya kurudi, picha ya pamoja, na waliokodi vijana wamekaa viti vya mbele. Kama imekuja, nendeni mle chakula, ila kazi yenyewe fanyeni sokoni.

Sasa ushahidi, ambako kesi nyingi za watu wema hufia. Sheria hatukosi. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inamwadhibu anayetoa matamshi ya chuki ya kikabila kwa faini isiyozidi shilingi milioni 1 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza hongo, vitisho na nguvu. Tume ya uchaguzi, IEBC, ina kanuni za maadili ambazo kila mgombea na chama hutia sahihi, na kamati ya kuzisimamia inaweza kutoza faini. Kabla ya uchaguzi mdogo wa Kasipul wa Novemba 2025, watu walipouawa katika makabiliano ya kampeni, kamati hiyo iliwatoza wagombea wawili shilingi milioni 1 kila mmoja. Utasema milioni 1 si kitu kwa mtu anayesaka kiti cha ubunge, na kwa roho iliyopotea ni dharau. Nakubali. Lakini mgombea aliyetozwa faini ana rekodi, na rekodi hiyo inaweza kuibuliwa mbele ya jaji.

Ukimrekodi mtu akichochea, kuna makosa mawili ambayo nayaona kila msimu. La kwanza ni kutuma video kwenye WhatsApp halafu kufuta ya asili ili simu isijae. WhatsApp huibana video na kuiondolea taarifa zake, kwa hiyo inayobaki haisemi ilirekodiwa lini wala kwa simu gani. Ihifadhi ile ya kwanza, kwenye simu ile ile, na nakala kwa mtu mwingine. La pili ni kwamba mahakama zetu hazipokei video hewani hivi hivi. Sheria ya Ushahidi inataka cheti kinachotiwa sahihi na mtu anayeweza kueleza jinsi ilivyorekodiwa na kutunzwa. Video isiyo na mwenyewe ina kazi kubwa Facebook na kazi ndogo kortini. Kabla ya kurekodi jiulize ni nani kati yenu atasimama aseme "ni mimi". Kama hakuna, andika daftari: tarehe, saa, mahali, nani alisema nini, kwa maneno yenyewe na kwa lugha yenyewe, na nani mwingine alikuwepo. Nimeona daftari la shule la karatasi thelathini na mbili likimtoa jasho wakili wa bei ghali.

Malalamiko yapelekeni kwa maandishi, nakala mbili, ya kwenu ipigwe muhuri wa kupokelewa. Msiridhike na "tumesikia, mama". Pelekeni kwa ofisi zaidi ya moja kwa wakati mmoja: tume ya uwiano NCIC, IEBC, na kwa msajili wa vyama kama ni jambo la chama. Anayepokea akiona kwamba wenzake nao wana nakala, barua haipotei kirahisi. Na usisahau kura za mchujo, zile za ndani ya vyama. Katika maeneo yanayofuata chama kimoja, mchujo ndio uchaguzi wenyewe, kwa hiyo vijana wa jioni mara nyingi hutumwa huko kwanza, dhidi ya watu wa chama chao na kabila lao.

Tuje kwenye choo. Hapa nimtetee diwani wako kidogo: hajengi choo. Masoko ni kazi ya serikali ya kaunti, na pesa hutumiwa na ofisi za gavana. Kazi ya diwani ni kuwawakilisha, kutunga sheria na kuuliza pesa zimeenda wapi. Kosa lake ni kwamba hajauliza. Basi ulizeni ninyi, naye mtamwona.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuiandikia ofisi ya umma na kudai habari, bila kueleza sababu na bila ada ya kuomba. Afisa ana siku 21 za kujibu, na kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Andikeni kwa kaunti, idara ya biashara na masoko. Msiulize "choo chetu kiko wapi", maana mtajibiwa "kiko njiani". Ulizeni choo cha soko fulani kilitengewa shilingi ngapi na katika bajeti ya mwaka gani, kandarasi alipewa nani na lini, amelipwa kiasi gani, na nani alitia sahihi kwamba kazi imekamilika. Hilo la mwisho ndilo linalotikisa ofisi. Kama kuna sahihi na hakuna choo, mna kesi ya ufisadi mkononi, na tume ya kupambana na ufisadi, EACC, wanajua la kufanya nayo wakitaka. Kama hakuna malipo, basi mradi ulisomwa ukaachwa, na hilo ni la kupeleka katika vikao vya bajeti. Siku 21 zikipita kimya, kuna siku 30 za kulalamika kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, na hilo nalo halina malipo.

Vikao hivyo vina msimu wake. Mpango wa mapato na matumizi ya kaunti hufika bunge la kaunti kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Ukija Mei kulilia choo umechelewa nusu. Njooni Januari na Februari, mkiwa wengi, na mdai jina la soko lenu liandikwe kwenye orodha ya wadi. Sheria ya Serikali za Kaunti pia inawaruhusu kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti, na bunge hilo linapaswa kulishughulikia. Likisomwa mle ndani, diwani wenu atalazimika kusimama aseme jambo juu ya soko ambalo hajalikanyaga.

Kumwita nyumbani, yaani kumwondoa kitini kabla ya muhula kwisha? Katiba, Kifungu 104, inatoa haki hiyo kwa wabunge, lakini Mahakama Kuu ilifuta sehemu kubwa ya utaratibu wake 2017 na tangu 2010 hakuna mbunge aliyewahi kuondolewa hivyo. Kwa madiwani sheria ipo, ila inataka sahihi za asilimia 30 ya waliojiandikisha wadini. Kwa nguvu hizo hizo mtamwondoa kwa kura. Msijichoshe.

Maandamano ni haki, Kifungu 37, kwa amani na bila silaha. Polisi hawaombwi ruhusa. Wanapewa taarifa: barua kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla, yenye jina na mahali anapopatikana mwandalizi, tarehe, njia mtakayopita, na saa zikiwa kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. Chukua nakala yenye muhuri. Vijana wa Juni 2024 walionyesha nguvu ya barabara: Rais alikataa kutia sahihi Mswada wa Fedha siku moja baada ya Bunge kuvamiwa. Gharama yake pia tuliiona, makumi ya watu waliuawa. Na mwaka uliofuata, Juni 17, 2025, wahuni wenye marungu waliingia katikati ya Nairobi na kuwapiga waandamanaji mchana. Ni kazi ile ile ya vijana wa jioni, mteja ndiye hubadilika. Kwa soko lenu, ningeanza na barua na kikao cha bajeti. Mkiandamana, andamaneni kwa jambo moja lenye karatasi nyuma yake, akina mama mbele, na mrudi nyumbani mapema.

Siku ya kura yenyewe, Agosti 10, 2027, kuna kazi ambayo watu wengi huiacha kwa vyama, nayo ni kuyashuhudia matokeo. Kumbuka ilivyokuwa zamani: matokeo ya kituoni yanasomwa, yanasafiri, yakifika Nairobi yana sura nyingine. Raia watatu, Maina Kiai, Khelef Khalifa na Tirop Kitur, walikwenda mahakamani, na Juni 23, 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema matokeo ya urais yanayotangazwa katika eneobunge ni ya mwisho, hakuna wa kuyabadilisha huko juu. Miezi miwili baadaye, Septemba 1, Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais, fomu na namna zilivyopeperushwa zikiwa kiini cha kesi. Mwaka 2022 fomu 34A, zile za matokeo ya urais, za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye mtandao wa IEBC, na mtu yeyote mwenye simu aliweza kujumlisha mwenyewe.

Kituo kimoja kina wapiga kura wasiozidi 700. Wengi wao mnajuana. Kura zikihesabiwa, msimamizi hubandika nakala ya fomu mahali pa wazi kituoni, na kila kiti kina fomu yake, cha diwani pia. Mkubaliane nani atasubiri usiku huo, aipige picha fomu, taa ikimulika vizuri, namba zote na sahihi za maajenti zionekane. Uchochezi hushika moto watu wasipojua kilichotokea kituoni kwao. Mwenye picha ya fomu hadanganyiki kwamba ameibiwa mahali ambapo hakuibiwa, wala kwamba hajaibiwa mahali alipoibiwa kweli. Na akija mkubwa na wimbo wa "tudumishe amani" kila mtu anapouliza namba, mjibuni kwa adabu kwamba amani mnaitaka, na fomu pia mnaitaka. Neno hilo limetumika sana nchini mwetu kuwanyamazisha wenye swali la halali.

Likitokea la kutokea licha ya yote haya, dada yangu, kumbuka kwamba kati ya wale 1,133 wa 2007 na 2008, 405 walikufa kwa risasi. Kwa hiyo ubaya hautoki kwa jirani peke yake. Aliyeumizwa aende hospitali kwanza, risiti na karatasi za matibabu zitunzwe, kisha nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, na fomu ya P3 ya kueleza majeraha. Kwa waliobakwa, wasioge, wafike hospitalini ndani ya saa 72 wapate dawa, na wajaziwe fomu ya PRC ya uchunguzi wa daktari baada ya kubakwa. Kama aliyeumiza ni polisi, kukosa OB hakukuzuii kwenda moja kwa moja IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi. Mtoto wa miezi sita aliyepigwa ndani ya nyumba yao Nyalenda, Kisumu, Agosti 2017 akafa, aliwafikisha maafisa wa polisi kwenye mashtaka 2022 kwa sababu wazazi, majirani na madaktari walishikilia ushahidi wao, na uchunguzi wa hakimu wa 2019 ukawategemea. Waathiriwa wanane wa dhuluma za kingono za 2007 na 2008 walifungua kesi 2013. Desemba 2020 Mahakama Kuu iliiona serikali na hatia ya kutochunguza, na wanne kati yao wakapewa shilingi milioni 4 kila mmoja. Miaka saba mahakamani. Sitakudanganya kwamba ni njia fupi.

Kuhamia wapi? Kama kuna vitisho vya kweli, vyenye jina na siku, peleka watoto kwa ndugu kwa muda, wala usione aibu. Lakini usiuhamishe usajili wako wa kura kwa uvumi, na usimkabidhi mtu kitambulisho chako "akitunze", hata kwa elfu moja. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na karatasi za shamba au kodi ya nyumba zipige picha leo, uzitume kwa ndugu aliye mbali.

Wakili wa bei nafuu yupo. Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia maskini tangu 1973, na chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 serikali ina huduma yake ya msaada wa bure. Uliza katika ofisi za mahakama hapo Nakuru. Kesi ya kudai haki za Katiba chini ya Kifungu 22 haitozwi ada ya kuifungua, na mahakama inaweza kuipokea hata ikiwa barua ya kawaida. Ukienda, usiende na hadithi peke yake. Beba daftari, beba ile nakala ya barua ya choo yenye muhuri, na kama mwanao amekubali, aje na simu yake.